Mama Salma Kikwete, kutoka WAMA hadi ubunge wa Mchinga: njia yake hasa ilikuwa ipi?

Chaki Nyeupe anauliza:

Habari za jioni wakuu. Kuna mdahalo wa wanafunzi wa kidato cha tano unaandaliwa, mada ni wake wa viongozi waliopigania elimu kisha wakaingia siasa za kupigiwa kura. Mfano uliopitishwa ni Mama Salma Kikwete, mke wa Rais mstaafu Jakaya Kikwete.

Shida ni kwamba maelezo yaliyokusanywa mpaka sasa yanagongana. Karatasi moja inasema alichaguliwa mbunge 2017, nyingine 2020. Moja inaziita shule za WAMA, taasisi aliyoianzisha, shule za serikali, nyingine inasema ni mali yake binafsi. Kuna hata aliyeandika kwamba mke wa Rais haruhusiwi kugombea mpaka mumewe atoke madarakani. Na kwa nini Mchinga, jimbo la mkoani Lindi? Familia ya Kikwete si watu wa Chalinze?

Naomba anayejua anipe vifungu, miaka na hatua zenyewe. Sifa na matusi tunavyo vya kutosha.

---

Karani wa Masjala anajibu:

Mwalimu, mkanganyiko wako unatokana na kuchanganya cheo, taasisi na kiti. Vitenganishe, mambo yatanyooka.

Nianze na cheo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 haina nafasi ya mke wa Rais. Haapishwi, wala hakuna ibara inayompa kazi. Kwa hiyo hakuna pia ibara inayomzuia kugombea. Sifa za mbunge ziko ibara ya 67: awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Kisha yanafuata mambo yanayomwondolea mtu sifa, kama kutiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Umeolewa na nani, Katiba haiulizi. Aliyeandika hilo la kusubiri mume atoke madarakani alilitoa kichwani mwake.

Sasa miaka. Jakaya Kikwete aliapishwa Desemba 2005 na akakabidhi madaraka Novemba 2015. Mama Salma, mwalimu aliyefundisha zaidi ya miaka 20, alianzisha taasisi ya Wanawake na Maendeleo, WAMA, mwaka 2006. Mwaka 2012, mumewe akiwa bado Ikulu, aliingia Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM akitokea Lindi Mjini. Hatua hii watu wengi huiruka, na bila hiyo huwezi kujibu swali lako la Mchinga. Yeye ni mtu wa Lindi. Chalinze ni upande wa mume, na tangu uchaguzi mdogo wa 2014 jimbo lile liko kwa Ridhiwani Kikwete. Kwa hiyo Mama Salma alirudi kwao, tena kupitia ngazi za chama, miaka mitano kabla hajaitwa mheshimiwa mbunge.

Machi 2017 Rais Magufuli alimteua kuwa mbunge. Neno ni *alimteua*. Ni ile nafasi ya ibara ya 66(1)(e), inayompa Rais wabunge wasiozidi kumi wa kuteua, angalau watano kati yao wawe wanawake. Angalia kitu kimoja hapo: ibara hiyo inawataka wateule wawe na sifa za aya (a) na (c) za ibara ya 67(1). Aya (b), ile ya kuwa mwanachama wa chama, imerukwa. Ndiyo maana Rais anaweza kumteua hata asiye na kadi ya chama chochote.

Wengi huiita nafasi hiyo "viti maalumu". Siyo. Viti maalumu viko aya (b) ya ibara ya 66(1), vinagawiwa vyama kwa kufuata kura walizopata. Wanafunzi wakikosea hapo mbele ya majaji wanaojua, hoja nzima inaanguka.

Kuchaguliwa kulikuja Oktoba 2020, jimbo la Mchinga, kwa tiketi ya CCM. Kwa hiyo karatasi zako zote mbili zina nusu ya ukweli: kuanzia 2017 alikuwa mbunge, kuanzia 2020 alikuwa mbunge wa jimbo.

---

Korosho Mbichi anajibu:

Karani kamaliza ya Katiba. Mimi niongeze yale ambayo Katiba haiyasemi, maana kati ya kuteuliwa na kuchaguliwa kuna bonde refu.

Mbunge wa kuteuliwa anakaa ukumbini, anauliza maswali, anapiga kura kama wengine, na anaweza hata kuwa waziri. Ila hana jimbo. Hana Mfuko wa Jimbo (fedha za miradi ya jimbo) wa kuusimamia, hana kata zinazomsubiri na orodha ya madai. Wa jimbo anavyo vyote hivyo, pamoja na kiti ndani ya Baraza la Madiwani. Kwa Mchinga kiti hicho kina uzito wake, maana jimbo limeingizwa katika Manispaa ya Lindi: halmashauri moja, majimbo mawili, Lindi Mjini na Mchinga. Diwani wa Rutamba au Kitomanga anagombea fungu lilelile la halmashauri na diwani wa mjini kabisa. Mbunge asipohudhuria vikao, kata zake za vijijini zinasahaulika kwenye bajeti.

Kuhusu kulipata jimbo. Kwa CCM ya 2020, hatua ya kwanza ilikuwa kuchukua fomu ya chama kwa shilingi 100,000 (mwaka 2025 ilipanda hadi 500,000). Kisha Julai zikaja kura za maoni, na wapigaji hawakuwa wanachama wote matawini kama 2015, walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo peke yao. Huko ndiko ulikozaliwa ule usemi wa "wajumbe si watu": mtu anaahidiwa kura na ukumbi mzima, masanduku yakifunguliwa anakuta kura tatu. Na kuongoza hakutoshi. Majina yanapanda kamati ya siasa ya wilaya, ya mkoa, Kamati Kuu, hadi Halmashauri Kuu ya Taifa, na mwaka ule wapo walioongoza wakakatwa, akachukuliwa wa pili au wa tatu. Mwaka 2025 utaratibu uligeuzwa, mchujo ukatangulia na kura zikafuata.

Baada ya chama ndipo unakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Hapa wanafunzi wako waangalie kwa makini, kwa sababu wagombea wengi hufia hapa wala si kwenye kura. Fomu ya ubunge ni Namba 8B. Inataka wadhamini wasiopungua 25, wote wawe wamejiandikisha kupiga kura ndani ya jimbo hilohilo. Majina na namba za kadi lazima zifanane na daftari. Mdhamini aliyejiandikisha jimbo la jirani anahesabika hayupo. Aliyemdhamini na mgombea mwingine ni mgogoro. Ndiyo maana mwenye akili hapeleki 25 kamili, anajaza na wa akiba. Kuna tamko la kisheria mbele ya hakimu, uthibitisho wa chama wenye saini na muhuri, na dhamana ya shilingi 50,000 yenye stakabadhi. Ukipata chini ya moja ya kumi ya kura halali, hiyo 50,000 hairudi. Mwisho wa kurejesha ni saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Mwaka 2020 siku hiyo ilikuwa Agosti 25.

Saa 10:00 ikishapita, kinachofuata ni pingamizi. Hapo wapinzani wanatafuta kosa la tahajia, umri usiolingana, kazi iliyoandikwa vibaya. Jina la mume halikusaidii kwenye fomu hiyo. Kwenye ukumbi wa wajumbe linaweza kukusaidia, na linaweza kukuangusha pia, maana mjumbe wa kijijini hapendi kuletewa mtu kutoka juu. Aliyeanza kukaa vikao vya chama Lindi tangu 2012 haitwi wa kuletewa kirahisi.

Na Mchinga halikuwa jimbo la mserereko. Mwaka 2015 lilichukuliwa na Hamidu Bobali wa CUF.

---

Bati Geji 28 anajibu:

Naona la shule limeachwa, nalichukua mimi.

WAMA ni taasisi isiyo ya kiserikali. Shule inayojulikana zaidi ni WAMA-Nakayama, sekondari ya wasichana ya bweni, Nyamisati, upande wa delta ya Rufiji mkoani Pwani, iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani na kulenga wasichana yatima na wanaotoka katika mazingira magumu. Nyingine ni WAMA-Sharaf, Lindi. Kwa hiyo si za serikali. Na "zake binafsi" si jibu pia. Sheria ya Elimu, Sura 353, inamtambua *mwenye shule*, na mwenye shule anaweza kuwa chombo kilichosajiliwa. Mwenyekiti wa taasisi na mwenye mali si mtu mmoja kisheria, hata kama watu wa kijiji wanasema "shule ya Mama".

Mtu anayetaka kufuata njia hiyo ajue usajili wa shule isiyo ya serikali una hatua tatu, na mpangilio wake haurukwi. Unaanza na kibali cha kujenga. Halafu kuthibitishwa mwenye shule na meneja wa shule. Mwisho ndipo unasajiliwa shule yenyewe baada ya wadhibiti ubora kuja kukagua. Kosa linaloua miradi ya namna hii ni kuanza na jengo. Mfadhili ana haraka ya picha ya jiwe la msingi, kuta zinapanda, kisha mkaguzi anafika na kuhesabu matundu ya vyoo.

Hebu tuhesabu naye. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 (wavulana 25). Shule ya wasichana 320 inataka matundu 16, na bweni lina hesabu yake mbali na darasa. Darasa la sekondari ni wanafunzi 40, kwa hiyo 320 ni vyumba vinane. Ongeza maabara, maktaba, jiko, bwalo, uzio, chumba cha mgonjwa, tangi la maji. Mabweni yawe na milango miwili inayofunguka kwa nje, na nondo za madirishani zisiwe za kumfungia mtoto ndani moto ukitokea. Vitu hivi havimo kwenye hotuba ya uzinduzi, lakini ndivyo vinavyoamua kama namba ya usajili itatoka.

Ardhi nayo. Hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura 318. Hati ikiwa na jina la mtu, siku akifariki au akigombana na bodi, shule inakuwa mirathi.

Halafu pesa. Taasisi inayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kutoka kwa mfadhili inatakiwa na kanuni za 2018 kupeleka mkataba kwa Msajili wa mashirika ndani ya siku 10 tangu kusaini, na kutangaza mapato na matumizi yake. Taasisi za wake wa viongozi zina udhaifu mmoja wa kimaumbile: wafadhili wengi huja kwa sababu ya nyumba anayoishi mwenyekiti, na nyumba ile ina mkataba wa miaka mitano mitano. Shule ya bweni ya wasichana wasiolipa ada haina chanzo kingine cha unga na maharage. Anayeanzisha aulize swali hilo mwaka wa kwanza: mwaka wa 11 nani atalipa mpishi?

Mama Anna Mkapa naye alikuwa na Fursa Sawa kwa Wote, EOTF, upande wa wajasiriamali wanawake. Hakugombea ubunge. Nataja kwa sababu kuna watu humu huwaweka wote kapu moja.

---

Chaki Nyeupe anauliza tena:

Asanteni sana, nimeshafuta nusu ya karatasi. Naomba mnisaidie hapa penye mwiba. Upande wa wapinzani wa mdahalo wamepata habari kwamba Mama Salma huyuhuyu alipinga bungeni wasichana waliopata mimba kurudi shuleni. Ni kweli? Na kama ni kweli, upande wetu ufanye nini, ukwepe?

---

Taarifa Rasmi anajibu:

Ni kweli, na msikwepe. Hapo ndipo mdahalo wenu unapoanza kuwa na nyama.

Ilikuwa Bunge la bajeti la 2017, Bunge la 11, Mkutano wa Saba, wiki chache tu baada ya kuteuliwa kwake. Alisimama upande wa wasiotaka wanafunzi waliojifungua warudi katika shule za kawaida, akiegemea dini na maadili. Juni mwaka huohuo Rais Magufuli, akiwa ziarani mkoani Pwani, alitangaza kwamba katika utawala wake hilo halitatokea. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, aliyekuwa Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kuondolewa kwa zuio hilo. Zanzibar, ambako elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, ilikuwa imeshawaruhusu zamani.

Lakini wanafunzi wasiishie kwenye "alisema". Wafungue sheria. Kanuni zilizotumika kuwafukuza ni za 2002, Tangazo la Serikali Namba 295. Zinataja kufukuzwa kwa kosa la maadili na kwa kuolewa. Neno mimba halimo. Wakuu wa shule walikuwa wakiiingiza mimba ndani ya "maadili". Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezwa kifungu cha 60A: anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo 2017 hali ilikuwa hivi: sheria inamtambua msichana kama mtu aliyetendewa kosa, na kanuni inamfukuza kama mkosaji. Mbunge yeyote aliyesimama siku ile alikuwa anazungumzia pengo hilo, ajue asijue.

Sasa weka hilo kando ya Nyamisati. Shule moja ya bweni inahudumia mamia ya wasichana. Kanuni moja inagusa kila msichana wa kila shule ya kata kutoka Kagera hadi Mtwara. Hapo utaona kwa nini kumpima mtu wa aina hii kwa majengo pekee ni kumpunja au kumzidishia. Akishaingia bungeni, mizani ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge (Hansard). Ziko kwenye tovuti ya Bunge kwa mikutano na siku. Tafuteni Wizara ya Elimu kila Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, msome aliyosema yote, muone na yale ya kuwatetea walimu na wanafunzi. Msome hotuba nzima. Mstari uliokatwa na gazeti mara nyingi unaachwa bila kichwa wala mkia.

---

Bati Geji 28 anajibu:

Taarifa Rasmi, nakubali la kanuni lakini usilipuuze jengo. Msichana wa Nyamisati aliyelala bwenini hakutembea kilomita kumi jioni, na njia hiyo ndiyo chanzo cha mimba nyingi tunazozungumzia. Bweni ni kinga, hotuba siyo.

---

Taarifa Rasmi anajibu:

Sijalipuuza. Nimesema ni kazi mbili. Na mbunge wa jimbo anaweza kujenga hosteli bila taasisi, kwa hiyo hoja yako inarudi kwangu. Korosho Mbichi ameutaja Mfuko wa Jimbo, ngoja niufungue kidogo.

Sheria yake ni ya 2009. Mwenyekiti wa kamati ya mfuko ni mbunge mwenyewe, lakini fedha inapitia akaunti ya halmashauri na kufuata taratibu za manunuzi. Mgawo unazingatia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mradi unatakiwa uwe umeibuliwa na wananchi wenyewe, kwa hiyo muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa ndio nyaraka ya kwanza. Bila huo, afisa mipango anarudisha maombi. Kiasi chake ni kidogo: kazi yake ni kumalizia. Wananchi wameinua kuta mpaka lenta, mfuko unaleta bati na mbao.

Hapo ndipo penye kasoro kuu. Mbunge anataka kila kata ipate chochote, anagawa mifuko 30 ya saruji hapa na bati 40 pale, mwisho wa mwaka ana maboma 12 yasiyo na paa. Kumalizia mawili ni bora, ila kisiasa kata kumi zitanuna.

Na hesabu ya shule ya kata yenyewe iko hivi. Elimu bila ada ilianza Januari 2016. Ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu ikibaki juu kwa vitabu. Shule ya wanafunzi 400 inapata 12,500 mara 400, yaani milioni 5 kwa mwaka, takribani 417,000 kwa mwezi kwa chaki, mitihani, ukarabati na ulinzi. Chakula cha mchana hakimo. Kwa hiyo mbunge anayetaka kusaidia elimu kwa kweli ajue kwamba mpango wa chakula ni makubaliano ya wazazi, na wazazi wa Lindi wana fedha msimu wa korosho na ufuta, siyo mwezi wowote utakao.

---

Mswahili wa Jinja anajibu:

Nawaletea mfano wa jirani, utawasaidia kulinganisha. Huku Uganda Mama Janet Museveni alianzisha UWESO mwaka 1986, jumuiya ya kina mama ya kuokoa yatima, baada ya vita vya Luwero. Kazi yake ilikuwa yatima na karo zao. Mwaka 2006 aligombea ubunge wa Ruhaama, wilaya ya Ntungamo, akamshinda Augustine Ruzindana wa chama cha upinzani cha FDC. Kumbuka: mumewe alikuwa Rais siku ya kura. Akarudi tena 2011. Katikati ya hapo, 2009, alifanywa waziri wa nchi wa Karamoja, kisha 2011 waziri kamili wa Karamoja. Mwaka 2016 hakugombea tena, na Juni mwaka huo akapewa Wizara ya Elimu na Michezo.

Tanzania hilo la mwisho lisingewezekana kwa namna hiyohiyo. Kwenu waziri lazima atoke miongoni mwa wabunge, ibara ya 55(4). Kwetu ibara ya 113 inaruhusu waziri kutoka kwa wabunge *au* watu wenye sifa za kuwa wabunge. Kenya nako ni kinyume kabisa, ibara ya 152(3) ya Katiba ya 2010 inasema waziri asiwe mbunge. Wanafunzi wakiulizwa "kwa nini Mama Salma hakuwa waziri wa elimu na Mama Janet alikuwa", waanze na vifungu hivyo kabla ya kuanza umbea.

Tofauti nyingine kubwa: yule wa kwenu aligombea mume akiwa ameshastaafu miaka mitano, huyu wa kwetu akiwa anaishi Ikulu. Swali la nani analinda kura na nani analipa msafara wa magari lina uzito tofauti kabisa.

---

Karani wa Masjala anajibu:

Hapo kwenye msafara umenikumbusha kitu ambacho upande wa utetezi wa mdahalo lazima uwe tayari nacho: wakati gani msaada wa taasisi unageuka rushwa.

Zamani kulikuwa na "takrima". Sheria ya uchaguzi iliifungulia mlango mwaka 2000, mgombea akakirimu watu kwa nia njema. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Tangu hapo, na hasa baada ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayosimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa, mwenye taasisi anayegombea anatembea juu ya kamba. Madawati yaleyale yaliyopelekwa Februari ni msaada, yakipelekwa Julai wiki ya kura za maoni, yenye picha ya mgombea, TAKUKURU watauliza. Gari la taasisi lisibebe wajumbe. Risiti ya mafuta ya kampeni isilipwe na akaunti ya shule. Hata fulana: zenye nembo ya taasisi zisivaliwe kwenye mkutano wa kampeni.

Njia safi ni mgombea kuandika barua ya kukaa pembeni ya uendeshaji kabla hajachukua fomu ya chama, na muhtasari wa bodi uonyeshe nani anasaini hundi badala yake. Kisha akishakuwa mbunge, anajaza tamko lake mwenyewe la mali kwa Sekretarieti ya Maadili, kila mwaka, mwisho Desemba 31. Alipokuwa mke wa Rais mali zake ziliingia katika tamko la mume. Kuanzia siku anaapishwa kuwa mbunge, jina lake linakaa juu ya fomu, na mume anakuwa ndiye anayetajwa ndani.

---

Korosho Mbichi anajibu:

Hiyo ya fomu kugeuka nimeipenda, wape wanafunzi waitumie.

Mwalimu, jambo la mwisho kutoka kwangu. Badilisheni sentensi ya mada. Mkiiacha "wake wa viongozi wana mchango katika elimu", kila mtu atakubali na mdahalo utalala dakika ya tano. Iandikeni hivi: "Mwanamke aliyejenga shule akiwa Ikulu anawafaa wasichana zaidi akiwa na taasisi kuliko akiwa na jimbo." Upande mmoja uchukue Nyamisati, matundu 16 na mabweni. Upande mwingine uchukue Mchinga, Mfuko wa Jimbo, kanuni za 2002 na ile hotuba ya 2017. Na muwakumbushe kwamba bunge la 2020 lilikuwa na majimbo 264, na wanawake walioyashinda hawakufika 30.

---

Chaki Nyeupe anajibu:

Nimeinakili kama ilivyo. Kesho asubuhi inabandikwa ubaoni, na karatasi ya "alichaguliwa 2017" inakwenda kuwashia jiko.